Aliye Hai Hafanyiwi Matanga



Habari tunayotaka kuieleza leo si nyepesi, na labda wengine watashangaa kuikuta katika kurasa hizi. Lakini katekista hachagui maswali, huletewa. Na swali likiletwa na mama mwenye machozi, kulinyamazia ni kumfukuza mama mwenyewe.

Swali ni hili. Wako watu waliozaliwa wakaandikwa wanaume, wakalelewa kama wanaume, wakaonekana wanaume machoni pa kila mtu. Halafu, wakiisha kuwa watu wazima, wakasema: Mimi ni mwanamke, tena nimejua hivyo tangu zamani. Wakabadili jina na mavazi, na wengine wakaubadili hata mwili kwa dawa na kisu cha daktari. Mtu wa namna hiyo ni nani kwetu sisi Wakristu?

Hapa kwetu Irumu swali hili lililetwa na mama mmoja. Mwanawe alikuwa miongoni mwa watu wengi wa Ituri waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 wakikimbia mauaji, wakapokewa Uganda. Miaka ikapita. Siku moja ikaja picha katika simu: mtu amevaa gauni, amesuka nywele, na chini yake jina la kike. Ukoo ukakutana. Wazee wakakata shauri kwamba huyo amekufa. Afanyiwe matanga, jina lake lisitajwe tena nyumbani. Mama akaja kutuuliza kama Kanisa linaruhusu kufanya matanga ya mtu ambaye jana alipiga simu.

Tulimjibu palepale kwamba haliruhusu. Lakini jibu fupi halitoshi, maana wajomba nao walikuwa na neno lao, na neno lao lahitaji kusikilizwa.

Wajomba walisema hivi: "Sisi tulimlea. Alifyatua matofali pamoja nasi, akabeba mizigo ya mihogo, akacheza mpira nyuma, hakuna aliyempita. Kama kweli alikuwa na moyo wa kike, mbona hatukuona hata dalili moja? Basi ni uongo, au uchawi, au fedha za mjini."

Ndugu zangu, hoja hii yaonekana ina nguvu, lakini tuipime. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Nasi watu wa Ituri tunaujua msitu. Apitaye njia kuu ya Komanda huona miti ya ukingoni tu. Wala hawezi kusema kwamba ndani hamna kitu kwa sababu yeye akiwa juu ya pikipiki hakukiona. Tena fikirini: mtoto wa kiume akionyesha dalili ndogo tu, hupata nini? Huchekwa kisimani, hupigwa shuleni, baba humwambia akaze moyo. Mtoto mwenye akili hujifunza upesi kuficha. Atabeba tofali zito kuliko wenzake, ili asiulizwe. Basi kutoonekana kwa dalili si ushahidi kwamba jambo halikuwapo. Mara nyingine ni ushahidi kwamba woga ulikuwapo.

Mambo haya si ya Kampala peke yake, wala hayakuanza jana. Mwaka 1953 watu wawili walipofika mara ya kwanza juu kabisa ya mlima Everest, mwandishi wa gazeti la The Times la London aliyepanda pamoja na msafara ule na kupeleka habari duniani aliitwa James Morris. Alikuwa amekwisha kuwa askari wa wapanda farasi wa Uingereza, tena alikuwa na mke, na baadaye watoto watano. Nani angeona mwanamke hapo? Hata hivyo mwaka 1972 alikwenda Casablanca, nchi ya Maroko, akapasuliwa, na tangu hapo akaitwa Jan Morris. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 aliandika kwamba alilijua jambo hilo akiwa na miaka mitatu au minne. Miaka arobaini na zaidi alilibeba. Na yule mkewe hakumfungia mlango. Ingawa ndoa ilivunjwa mbele ya sheria, waliendelea kukaa pamoja mpaka Morris alipofariki mwaka 2020. Tena kule Marekani, aliyeshinda medali ya dhahabu ya michezo kumi katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, akasifiwa kuwa ndiye mwanaume hodari, alitangaza mwaka 2015 kwamba yeye ni mwanamke, na jina lake Caitlyn Jenner.

Labda mwingine atasema: "Hao ni Wazungu." Haya, twende kwa jirani zetu. Audrey Mbugua ni mtu wa Kenya. Alisoma katika shule ya wavulana ya Kiambu, akafanya mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 2001, akafaulu vizuri sana. Baadaye alipoishi kama mwanamke, cheti chake kikawa mzigo, kwa kuwa jina na alama ya jinsia vilivyomo havikufanana na mtu aliyekileta. Kila alipoomba kazi, karatasi ilisema hivi na uso ulisema vingine. Akakwenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliagiza baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Maana kujua hesabu ni kujua hesabu, awe aliyezijua ni mume au mke. Na huko Uganda, Cleopatra Kambugu, ambaye gazeti moja la Kampala lilimtangaza mbele ya watu hata akalazimika kukimbilia Kenya, alipewa na serikali mwaka 2021 kitambulisho kilichoandikwa mwanamke.

Sisi wa Irumu twaelewa upesi jambo la karatasi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, mkoa wetu ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, nani hajui barieri? Unashuka katika gari, unatoa kadi ya kura, askari anaitazama, anakutazama wewe, anaitazama tena. Anayefanana na kadi yake hupita. Asiyefanana nayo huambiwa kaa kando. Na kukaa kando katika barabara zetu, wasomaji wapenzi, si jambo dogo. Mtu ambaye uso wake ni wa kike na kadi yake ni ya kiume yuko barieri kila siku ya maisha yake, hata akiwa sokoni, hata akiwa mlangoni pa kanisa.

Sasa, Kanisa lasema nini? Hatutaki kumdanganya mtu wala kuficha neno. Tarehe 8 Aprili 2024 Roma ilitoa hati iitwayo Dignitas infinita, yaani hadhi isiyo na mwisho. Hati hiyo yafundisha kwamba mwili ni zawadi ya Mungu, na kwamba kuubadili ili kubadili jinsia kwaweza, kwa kawaida, kuhatarisha hadhi ambayo mtu ameipokea tangu kutungwa mimba. Wengi waliobadili husema kinyume: kwamba ndipo walipoanza kuishi. Hapo pana mashindano ya kweli, na katekista wa kijijini hawezi kuyamaliza kwa kalamu yake.

Lakini hati ile ile yafundisha kwamba hadhi ya mtu haipotei, awe katika hali yoyote. Tena kabla yake, tarehe 31 Oktoba 2023, Papa Fransisko alikubali majibu aliyopelekewa Askofu Negri wa Santo Amaro, Brazili, aliyekuwa ameuliza. Majibu yalisema kwamba mtu aliyebadili jinsia aweza kubatizwa kwa masharti yale yale ya waamini wengine, mradi tu isiwe sababu ya kashfa wala ya kuwavuruga waamini. Basi, ikiwa aweza kubatizwa, na mtu habatizwi akiwa maiti, je, sisi ni nani hata tumtangaze amekufa? Na ikiwa alikwisha batizwa utotoni, alama ya ubatizo haifutiki. Ukoo waweza kufuta jina katika mazungumzo. Katika kitabu cha ubatizo jina limeandikwa, na mbele ya Mungu mtu amejulikana.

Tena tujifunze kwa matendo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kila kitu, katika parokia ya Torvaianica, mji wa pwani karibu na Roma, walikuja wanawake wa namna hii wakiomba chakula. Wengi walikuwa wageni kutoka Amerika ya Kusini. Paroko, Padre Andrea Conocchia, hakuwauliza kwanza karatasi. Aliwapa chakula, akaomba msaada Vatikano, msaada ukaja. Baadaye wakafika kumwona Baba Mtakatifu mwenyewe, na tarehe 19 Novemba 2023 baadhi yao walikaa mezani katika karamu ya maskini kule Vatikano. Papa Fransisko alipozikwa tarehe 26 Aprili 2025, miongoni mwa maskini waliolipokea jeneza lake mlangoni mwa kanisa la Bikira Maria Mkuu walikuwamo watu wa namna hiyo. Papa hakubadili mafundisho. Aliongeza viti mezani.

Kuna jambo jingine ambalo mama yetu alitufundisha, bila kujua kwamba anafundisha. Alitaka kuombea Misa. Mwandishi wa parokia akafungua daftari, akauliza jina la kuandika. Mama akanyamaza. Jina la zamani mwanawe halitaki. Jina jipya ulimi wake haujalizoea, na wajomba wangelisikia likisomwa. Mwisho akasema: "Andika tu, mwanangu." Ikaandikwa hivyo, ikasomwa hivyo, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Lugha yetu ina baraka hii. Mfaransa akitaka kusema habari za mtu, yampasa achague kwanza neno la mume au neno la mke. Sisi twasema amefika, ameugua, amerudi. Na Kilingala nacho ni vivyo hivyo. Twasema mwana, ndugu, mwenzetu, marehemu, mkristu. Hatusemi kwamba lugha imelimaliza shauri hili. Twasema tu kwamba mama asiyeweza bado kutamka "binti yangu" hana haja ya kunyamaza mpaka siku atakapoweza. Neno la kuanzia analo.

Basi yatupasa kufanya nini katika shirika zetu? Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza: simu ikilia, ipokewe. Mzazi si lazima akubali kila kitu siku hiyo, wala aelewe. Aulize habari za chakula, za malaria, za pango la nyumba. Mtu aliye mbali akikosa sauti ya nyumbani, hutafuta sauti nyingine, na si zote zinazomtakia mema.

La pili: tusimgeuze mtu kuwa habari ya kisimani. Mama yule aliogopa vicheko kuliko alivyomwogopa Padre. Na picha iliyokuja katika simu ya mama isirushwe katika simu za kijiji kizima. Huko Uganda kuna sheria kali iliyotiwa sahihi mwezi wa Mei 2023 juu ya mapenzi ya jinsia moja, na mtu wa namna hii hushukiwa upesi. Picha moja yaweza kumpoteza.

La tatu: wajomba na wazee wasiite mkutano wa kumzika aliye hai. Kama wana huzuni, na wanayo kweli, waje tusali rozari pamoja nao. Huzuni yao si dhambi. Walimtazamia mjomba wa watoto wao, mtu wa kubeba jeneza lao, na sasa hawajui watamwita nani. Wapewe nafasi ya kulia, lakini wasipewe jembe la kuchimba kaburi.

Maana makaburi tunayo ya kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, hapa hapa katika wilaya yetu, huko Komanda, waamini waliokuwa katika mkesha kwenye kanisa la Mwenyeheri Anuarite walivamiwa wakauawa, zaidi ya thelathini, wengi wao vijana. Wazazi wao wangetoa nini ili simu ilie mara moja tu, na katika picha waone uso wa mtoto akiwa hai, hata kama amevaa nguo ambazo hawakumshonea?

Kama yuko mzazi mwingine mwenye jambo la namna hii, na asiwe na mahali pa kulisemea, aje kwa katekista wake jioni, watu wakiisha kutoka kanisani. Haitamlazimu kutaja jina la mtu.