Chupa Iliyokataa Kuzama

Sisi tufundishao hapa Kibaoni tu mbali sana na bahari. Basi habari za nyambizi, yaani vyombo viendavyo chini ya maji, tulizifundisha kwa maneno matupu. Siku moja tuliwasimulia watoto jinsi Wajerumani walivyoshuka mwaka 1987 katika chombo kidogo karibu na Ngazija, wakamwona gombesa, samaki wa kale, akiogelea kilindini. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, chombo hicho kikiletwa Ziwa Tanganyika, kitatulia ndani ya maji vile vile?" Tukamjibu kwa haraka kwamba maji ni maji, akae chini. Wenzake wakamcheka.

Usiku ule hatukulala vema. Asubuhi tulitwaa chupa, tukaitia mchanga na kuiziba, hata ikazama polepole katika ndoo ya maji ya kisima. Kisha tukakoroga chumvi ya Uvinza. Chupa ikapanda juu! Ilitubidi kuifungua na kuongeza mchanga, kijiko baada ya kijiko, ndipo ikakubali kushuka.

Sababu ni hii. Lita ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000. Ya bahari, kadiri ya gramu 1,025. Chombo hutulia katikati ya maji kikiwa na uzito sawa na maji kinayoyaondoa mahali pake. Kwa hiyo chombo chenye kujaza nafasi ya lita 4,000 chahitaji kilo 100 zaidi baharini kuliko ziwani: gunia zima la mahindi! Kikiletwa kutoka baharini bila kupunguzwa, katika Tanganyika kitazidi kushuka tu, na ziwa lile penye kina kikubwa lafika mita 1,470. Ndiyo maana mafundi hukitilia matangi: maji yakiingia, chazidi uzito, yakisukumwa nje kwa hewa, chawa chepesi. Tena ni lazima matangi yawe na nafasi ya kutosha, maana hata baharini maji si mamoja. Penye mlango wa mto kama Rufiji, maji matamu hulala juu ya yale ya chumvi.

Tulimwita yule binti mbele ya darasa zima, tukamwomba radhi. Akaitwaa chupa, akaigeuzageuza, akasema, "Na maji ya Rukwa, mwalimu, yenye magadi?" Safari hii hatukumjibu. Jumamosi tutakwenda Rukwa pamoja naye na wenzake, tukichukua chupa na mchanga.