Kuendesha Motokaa Ng'ambo ya Kagera

Wengi wenu mwajua ya kuwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita hapa kwetu Singida. Usiku na mchana malori huteremka mlima wa Sekenke na kushika njia ya Igunga na Nzega. Vijana wetu wengi ni madereva au utingo, na watu wa nyumba zetu huvuka mpaka kwenda arusini na misibani. Kwa hiyo twaona ni vema tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe, ijapokuwa lina aibu kwetu.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 tulikuwa twaenda Kigali kwenye arusi ya mpwa wetu. Tuliazima motokaa ya rafiki, tukashika usukani sisi wenyewe, maana tumeendesha miaka kumi na minane bila ajali, na jambo hilo tulizoea kujisifia. Kando yetu aliketi dada yetu mkubwa, mama wa bwana arusi, ambaye hajapata kugusa usukani maisha yake yote. Nyuma walikaa wazee wawili wa ukoo.

Siku ya kwanza tulilala Kahama. Siku ya pili tukapita Ushirombo, Nyakanazi na Lusahunga, hata tukafika Rusumo, mahali ambapo mto wa Kagera huporomoka kwa kishindo kati ya nchi mbili. Hapo, tarehe 6 Aprili 2016, Marais John Magufuli na Paul Kagame walifungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani. Tulionyesha hati zetu za kusafiria, leseni, kadi ya gari, barua ya mwenye gari, na ile bima iitwayo kadi ya njano, kwa sababu bima ya nyumbani peke yake haitoshi ng'ambo. Tukarudisha na saa zetu nyuma kwa saa moja.

Lakini badiliko kubwa si la saa. Kwetu magari huenda kushoto. Rwanda huenda kulia. Sababu yake ni ya zamani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Tanganyika ilishikwa na Waingereza, ambao kwao magari huenda kushoto. Rwanda na Burundi zikashikwa na Wabelgiji, ambao kwao huenda kulia. Hata leo Kenya na Uganda zi upande mmoja nasi, nazo Burundi na Kongo zi upande mmoja na Rwanda.

Tulipokuwa twangoja, dereva mmoja wa lori, kijana wa Kiomboi, alikuja kutuamkia. Akasema, “Mwalimu, usukani wako uko kulia. Huko utakuwa umeketi ukingoni mwa barabara, wala hutaona kitu mbele ya lori utakalotaka kulipita.” Kisha akamgeukia dada yetu, akamwambia, “Mama, wewe ndiwe jicho lake. Usilale.”

Tulimshukuru kwa maneno, walakini moyoni tulichukizwa. Mtu wa miaka kumi na minane barabarani aongozwe na mama asiyejua hata gia?

Tukavuka. Mwanzoni tulikwenda polepole kwa hofu, macho yakitutoka, tukinong'ona, “Kulia, kulia.” Baada ya saa moja hofu ikaisha. Tukaanza kutazama migomba na vilima, tukazungumza habari za arusi. Tulipofika mji wa Kibungo tukasimama kunywa chai katika nyumba iliyo upande wa kushoto wa njia.

Tulipotoka, barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na gari mbele wala nyuma la kutukumbusha. Tukakunja kushoto na kushika ukingo wa kushoto, kama tulivyofanya maelfu ya mara huku Singida, wala hatukuhisi kosa lo lote. Dada akapiga kelele, “Mdogo wangu, kulia! Kulia!” Twaungama ya kuwa neno la kwanza lililotujia kinywani lilikuwa la kumnyamazisha. Ndipo lori likatokea kwenye kona, limetuelekea sawasawa. Tukavuta usukani kwa nguvu zote. Likatupita likipiga honi, upepo wake ukaitikisa motokaa yetu.

Tukasimama kando. Hapana aliyesema neno. Mzee mmoja alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili. Dada akachana ukanda wa kitambaa chake, akaufunga kwenye kiganja chetu cha kulia, akasema, “Upande wako ndio huu.” Tukamwacha afunge.

Tangu siku ile tumefikiri sana: mbona hatukukosea pale darajani, tukakosea Kibungo? Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Pale darajani hofu ilituamsha. Kibungo tulijiona wenyeji. Nchi ya Uswidi iliwahi kuhama nzima, kutoka kushoto kwenda kulia, alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Watu walidhani damu nyingi itamwagika. Kumbe ajali zilipungua kwa muda, kwa kuwa kila mtu aliogopa. Walipozoea, zikarudi kama zamani.

Basi, ninyi mtakaovuka, shikeni haya. Kwanza, hatari kubwa ni dakika ya kuondoka tena, baada ya chai, baada ya mafuta, na asubuhi baada ya kulala. Kabla ya kuwasha gari, semeni upande wenu kwa sauti. Pili, msilipite gari lililo mbele mpaka aliyeketi kushoto aone njia ni nyeupe, akisita, ngojeni. Tatu, ile tuiitayo kipilefti huku kwetu, kule huzungukwa kwa mkono wa kulia, na aliye ndani yake hutoka kushoto kwenu, mpisheni. Nne, safirini mchana, maana taa za magari yetu zimefanywa zimulike zaidi ukingo wa kushoto, na kule huwapiga machoni wanaokuja. Tano, fuateni mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Ziko kamera zinazoupima.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto watakaofuatana na wazazi wao: huku mvukaji hutazama kwanza kulia; kule gari la karibu hutoka kushoto. Aendaye kwa miguu naye ni mgeni barabarani.

Arusi ilikuwa njema, tukakaa siku sita. Tulipovuka daraja kurudi, mikono yetu ilikuwa imekwisha kuzoea kulia, na tulidhani nchi yetu wenyewe haina haja ya fundisho. Dada hakusema kitu. Alikifungua kitambaa kwenye mkono wa kulia, akakifunga kwenye mkono wa kushoto, nasi tukamshukuru. Tulikivaa mpaka mlangoni kwetu Singida.