Jina la Kuazima

Ewe msomaji kijana, siku moja utasimama mbele ya mwenye duka ukiwa na fedha chache mkononi, na mezani kutakuwa na vitu viwili vya bei moja. Kimoja kitakuwa na jina kubwa, na cha pili jina ambalo hujapata kulisikia. Nataka nikusimulie jinsi nilivyochagua vibaya siku kama hiyo, ili funzo nililolipia mimi wewe ulipate bure.

Nafundisha Namanga, mji wa mpakani ulio chini ya mlima Ol Doinyo Orok, mahali ambapo barabara itokayo Nairobi, ikapita Kitengela na Kajiado, huingia Tanzania kuelekea Arusha. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Mji wa njia hupitiwa na bidhaa za kila namna: shuka, shanga, viatu, simu, na mipira ya kuchezea.

Muhula mmoja wanafunzi wangu walichanga fedha za kununua mpira wa mashindano. Yuko aliyeuza mayai ya kuku wake. Yuko aliyejinyima chai ya saa nne wiki nzima. Zilipotimia shilingi 2,000 walinikabidhi, kwa kuwa mimi ndimi mlezi wa timu. Nikaenda dukani pamoja na nahodha wao.

Tulionyeshwa mipira miwili. Wa kwanza ulikuwa mweupe, umeshonwa kwa mkono kwa uzi mnene, na jina la kiwanda chake lilikuwa geni kwetu. Wa pili uling'aa, nao ulikuwa na chapa ya kampuni mashuhuri ya Ulaya. “Mwalimu,” alisema mwenye duka, “huu ndio wanaouchezea kwenye televisheni.” Nilijua vema kwamba mpira halisi wa chapa ile haupatikani kwa fedha zile. Nahodha aliugeuza-geuza, kisha akaninong'oneza, “Mwalimu, jina hili limepungua herufi moja.” Nilimwambia anyamaze, asimwaibishe mtu mzima. Ukweli ni kwamba nilitaka shule jirani waone jina lile mikononi mwetu. Nikanunua jina.

Kwa wiki mbili tulisifiwa. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, na ngozi ikaanza kubanduka. Jina ndilo lililotangulia kutoka. Mpira ukavimba upande mmoja mfano wa yai. Tuliuweka kwenye mizani. Sheria za kandanda zataka mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 mchezo unapoanza. Wetu ulizidi gramu 500, kwa maji uliyokunywa. Siku ya mashindano mwamuzi aliubonyeza mara moja, akauweka kando, tukacheza kwa mpira wa wageni.

Sababu yake si ngumu kueleza. Mpira si ngozi peke yake. Ndani mna mfuko unaoshika upepo. Nje ya mfuko hubandikwa tabaka za kitambaa ziushikilie umbo. Ndipo hufuata ngozi na mshono. Mnunuzi huona ngozi tu. Kwa hiyo mwigaji hutia fedha yake katika rangi na chapa, akaiba katika kitambaa na uzi.

Nahodha hakunikumbusha neno lake. Laiti angalinikumbusha! Wiki ileile nilikuwa nimempa mwanafunzi sifuri kwa kunakili majibu ya mwenziwe. Usiku ule nilijiuliza: yeye aliweka jina lake juu ya kazi ya mwingine, na mwigaji aliweka jina la mwingine juu ya kazi yake, mimi niliyemlipa mwigaji huku nikijua, nastahili alama gani?

Usidhani nakuambia udharau kitu cha bei nafuu. Tazama akala zinazovaliwa na wachungaji wa kaunti yetu, zilizokatwa katika magurudumu makuukuu ya magari. Bei yake ni ndogo, nazo huvuka miiba na mawe miaka mingi. Akala haijidai kuwa kitu kingine ila akala. Wala usidhani jina kubwa ndilo lililoshona mpira. Mji wa Sialkot, katika Pakistan, kwa miaka mingi umeishonea dunia mipira kwa mkono, yenye majina makubwa na isiyo na majina. Na mpira wa Kombe la Dunia la mwaka 2014 ulitengenezwa huko pia. Anayelipia jina kubwa hulipia kazi njema, lakini hulipia na matangazo. Kama fedha yako haitoshi, si aibu kuliacha.

Aibu ni uongo. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila duka. Wewe utakuwapo. Soma jina herufi kwa herufi. Vuta mshono. Uliza ni nani atakayejibu kitu kikiharibika. Bei ndogo isikutishe; likutishe jina kubwa lililokaa juu ya bei ndogo. Na aliye mdogo kwako akikuonyesha kosa, msikilize.

Mwisho wa mwezi nilitoa shilingi 2,000 katika mshahara wangu, nikasimama mbele ya wanafunzi, nikawaeleza nilichofanya na kwa nini nilikifanya. Kisha nilimpa nahodha fedha zile aende akachague mwenyewe. Alirudi na ule mpira mweupe. Tumeushona upya mara mbili, na hata leo unadunda sawasawa. Jina la kiwanda chake limefutika kwa kuchezwa, na hakuna aliyeliulizia.

Wazee walisema kweli: nguo ya kuazima haisitiri.