Hesabu ya Siku za Mtu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi, niliye karani katika ghala moja mjini Mombasa, nimejifunza kuwa siku nazo hupotea vivyo hivyo, hata pale daftari lipo wazi mbele ya macho.

Mwishoni mwa Novemba 2024 nilitakiwa kuandika likizo ya mzee mmoja wa ghala letu, aliyekusudia kwenda kwao karibu na Malindi kuiezeka upya kwa makuti nyumba ya dada yake mjane. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Likizo yake ilianza Jumatatu, tarehe 2 Desemba. Ghalani kwetu twafanya kazi siku 6 na kupumzika Jumapili.

Zamani ningalihesabu kwa kidole juu ya kalenda ya ukutani. Siku hizi kazi hiyo nimeiachia lahajedwali ya kompyuta. Katika Excel mna fomula iitwayo WORKDAY.INTL. Huipa tarehe ya kuanzia, idadi ya siku, mpango wa juma na orodha ya sikukuu. Nayo hunipa tarehe ya kurudi kazini. Mpango wa juma huandikwa kwa tarakimu 7: sifuri ni siku ya kazi, moja ni siku ya mapumziko. Usipouandika, mashine hudhani kuwa walimwengu wote hupumzika Jumamosi na Jumapili.

Niliandika 0100000. Lugha yetu huanza juma kwa Jumamosi, siku ya mosi. Jumapili ni ya pili. Basi ulimi wangu ulihesabu kabla ya akili yangu. Kumbe tarakimu ya kwanza ya mashine ni Jumatatu, na ya pili ni Jumanne! Nikampumzisha mzee Jumanne na kumhesabia Jumapili kuwa kazi. Juu ya hayo, orodha ya sikukuu niliiacha tupu. Mashine ilijibu bila kusita: arudi Ijumaa, tarehe 27 Desemba.

Mzee aliisoma karatasi, akakunja vidole vyake kimoja kimoja. Kisha aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, Jamhuri na Krismasi mwaka huu zimehamia wapi?"

Nilimwomba radhi, nikaandika 0000001, nikaorodhesha tarehe 12, 25 na 26 Desemba. Jibu likawa Jumatatu, tarehe 30. Tofauti ilikuwa siku 2 za kazi. Kwa aketiye mezani ni kitu kidogo. Kwa aliye juu ya paa, na makuti hayajafungwa, ni kitu kikubwa.

Mashine haikusema uongo; iliyatenda niliyoyaandika. Haijui kuwa katika Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili, siku ifuatayo huwa ya mapumziko. Haijui kuwa Idi hungoja mwezi uandame. Wala mapumziko ya juma si mamoja duniani: Omani ilipumzika Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013, ilipohamia Ijumaa na Jumamosi, na karani wa huko leo huandika 0000110. Kila moja katika tarakimu hizo ni siku ambayo watu walikubaliana kuwa mtu asitumikishwe. Mwenye kuiweka mahali pasipo pake humnyang'anya mwenziwe kitu bila kumgusa mkono.

Mzee alirudi tarehe 30, mikono ina michubuko ya kamba, akaingia ghalani bila neno. Tangu hapo sitii sahihi karatasi ya likizo kabla mwenye siku hajazihesabu kwa vidole vyake mwenyewe.