Rimu za Kijana Wetu: Hesabu Niliyoifanya Zhanxi

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Mombasa, Maskati na kwengineko, mmezoea kusoma hapa habari za majahazi, harusi na mirathi. Leo nawaletea habari za magurudumu. Nazo ni za ukoo vilevile, kwa kuwa aliyeniagiza ni mtoto wa ndugu yangu, na watakaopanda gari hilo ni bibi yake na wadogo zake.

Zhanxi maana yake ni magharibi ya stesheni. Ni mtaa ulio ubavuni mwa stesheni ya reli ya Guangzhou, na wafanyabiashara wa pwani yetu wanaujua kwa saa, viatu na nguo za jumla. Rimu sikuziendea huko. Soko la vipuri na mapambo ya magari liko barabara ya Yongfu. Lakini chumba changu kilikuwa Zhanxi, kama ilivyo desturi yangu, na hesabu yote niliifanyia humo usiku, kijana akiwa upande wa pili wa simu.

Gari lake ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006. Mkenya hahitaji kuelezwa mapenzi hayo. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na mapenzi hayajapoa hadi leo. Gari lilikuwa na matairi ya 215/45R17. Yeye akataka rimu za inchi 18, pana, zilizotokeza nje.

“Ami, kumi na saba ni za wazee,” akaniambia.

Nikachukua kalamu. Katika 215/45R17, 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu wake, asilimia 45 ya upana huo. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, tairi zima lina kimo cha milimita 625. Lile alilolitaka, 225/40R18, linafika 637. Tofauti haifiki asilimia 2, na mshale wa mwendo hautadanganya sana. Kwa kimo, basi, kijana hakukosea.

Neno lilikuwa katika ubavu. Unashuka kutoka milimita 97 hadi 90, na mpira huo ndio peke yake unaoikinga rimu na ukingo wa shimo. Anayezijua njia zetu baada ya mvua za masika atanielewa. Nikampa 225/45R17, saizi ya kiwandani ya Impreza STI: upana uleule alioutamani, ubavu wa milimita 101, kimo cha 634.

Babu yetu aliyekuwa nahodha alikuwa na matanga mawili, kubwa la upepo mwororo na dogo la kusi kali. Abiria, husimuliwa, siku zote walipenda kuliona lile kubwa.

Ukaja mjadala wa ofuseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokutana na habu. Rimu zake za kiwandani ni inchi 7 kwa upana, zimepigwa chapa ET55. Muuzaji alinitolea za inchi 8, ET35, za kuvutia kwelikweli. Lakini ukingo wa nje ungesogea karibu milimita 33. Abiria wanne wakikaa, tairi lingeanza kula madigadi, na beringi zingebeba mzigo usio wao. Nikachagua inchi 7 na nusu, ET48. Ukingo wa nje unatoka milimita 13 tu, na wa ndani hausogei hata milimita moja. Nati nazo hazisamehe: WRX hii ina tano katika duara la milimita 100, ilhali STI za kuanzia mwaka 2005 zina duara la 114.3. Tundu la katikati ni milimita 56.1, likiwa kubwa zaidi, hutakiwa pete ya kujazia, la sivyo usukani hutetemeka.

Mtaani kwangu Zhanxi, saa ya kuigiza ikisimama, mwenyewe huchelewa miadi. Rimu ya kuigiza ikipasuka barabara ya Malindi ni msiba. Kwa hiyo niliitafuta chapa ya VIA, inayoonyesha kuwa rimu imepimwa na chombo cha Japani kisichokuwa kiwanda chenyewe. JWL peke yake hujipigia mtengenezaji. Nilikataa seti mbili kwa sababu hiyo, na muuzaji akaninunia.

Matairi atanunua Mombasa, asome tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1224 ni wiki ya 12 ya mwaka 2024. Asikubali yaliyolala ghalani miaka. Rangi nilimwachia achague mwenyewe, naye amechagua dhahabu.