Motere, Rejeta na Siku Tisini

Gari yangu ilikufa mwezi wa tatu mwaka 2025, kwenye mlima kabla ya kufika Isingiro, na watu tisa ndani pamoja na mbuzi mmoja kwenye buti. Ni Toyota Ipsum ya zamani, ile yenye motere ya 3S, ya watu saba. Nasema saba, lakini ninyi wa Nakivale mnajua vile tunahesabu.

Wenzetu wa Nyarugusu mtauliza mkimbizi anapata gari aje. Huku Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Niliinunua 2021, baada ya miaka sita ya kuuza samaki na ndagala. Siku za soko nabeba watu kwenda Mbarara na kurudi. Usiku nabeba wagonjwa na wamama wa kuzaa, kama ambulansi imeshaenda mbali na mgonjwa mwingine. Kwa mwezi, nikitoa mafuta na mambo mengine ya njiani, nilikuwa nabaki na kama shilingi 600,000. Nyumba nzima ilikula hapo.

Siku ile mshale wa joto ulipanda. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka uliopita rejeta ilikuwa inavuja pale chini kwenye kona, na mimi nikawa natembea na jerikeni mbili za maji. Kila safari naongeza kidogo. Nikasema nitaongeza nikifika juu ya mlima. Sikufika. Motere ilianza kugonga kama mtu anapiga sufuria na nyundo, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Mama mmoja akashuka, akanitazama kwa huruma: “Pole papa. Lakini franga zangu?” Nikarudishia kila mtu pesa yake. Nikabaki na mbuzi, kwa sababu mwenyewe alikuwa anatafuta boda boda ya kuwabeba wawili.

Lori la ndizi lilinivuta mpaka Base Camp. Fundi wetu, kijana wa Uvira, akafungua kifuniko cha oili, akaniita nitazame. Chini ya kifuniko palikuwa na kitu cheupe, kizito.

“Hii haiko oili, mzee. Hii ni chai ya maziwa.”

Alinieleza vizuri, na mimi nawaeleza wenye gari ili msiharibikiwe kama mimi. Kichwa cha motere ile ni cha aluminiamu. Joto likizidi kinapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kulinda vyuma vya chini. Beringi za krenki zinaliwa, na ndio ile sauti ya nyundo. Alipofungua kabisa, krenki ilikuwa na mikwaruzo unaisikia kwa ukucha. Yote hayo yalitoka kwa tundu la rejeta ambalo ningelisimamisha kwa pesa za siku nne za kazi.

Mtauliza kwa nini sikulisimamisha. Hapo ndipo ninaona haya.

Sisi tulikuwa watu wa kuondoka. Tulishahojiwa, na mwezi wa kumi na moja 2024 tukapimwa afya kwa ajili ya Marekani. Ukishapimwa, unaanza kutazama kila kitu chako kama kitu cha mtu mwingine. Paa likivuja unaweka ndoo. Mlango ukilegea unafunga na kamba. Na rejeta, nilijiambia, gari ya kuuza inataka rejeta mpya ya nini? Atakayenunua atatengeneza. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi. Wengi wetu tulijiambia ni siku 90 tu. Mimi nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, na nikaendelea kuongeza maji. Motere ikafa kabla ya siku hizo kwisha.

Kwa hiyo nilikuwa na njia tatu. Mnunuzi mmoja wa Mbarara alikuja, akazunguka gari mara mbili, akasema milioni 3.5 vile ilivyo. Ikitembea vizuri ingefika milioni tisa, lakini logibuku ilikuwa bado na jina la mwenye gari wa kwanza, na mnunuzi akiona hivyo anapunguza bei. Hiyo nayo nilikuwa nimeiacha miaka minne. Njia ya pili, kufungua motere ileile na kuisuka upya: kichwa kipelekwe kwenye mashine kisawazishwe, krenki isagwe, ringi mpya, beringi mpya. Fundi akasema 1,600,000, kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuapa. Ya tatu, motere nyingine iliyotumika Japani, ya kununua Kampala kule Kisekka: 2,300,000, pamoja na 120,000 ya lori na 300,000 ya mikono yake.

Nilipiga hesabu usiku na kalamu ya mtoto. Kwa hesabu, motere ya Kisekka inajilipa kwa miezi mitano hivi. Si jambo la kufikiria sana. Lakini nilikaa nalo wiki tatu, gari iko juu ya matofali, na kila siku ninapata sababu mpya ya kungoja. Je, tukiitwa mwezi wa sita? Nitakuwa nimezika milioni tatu kwenye gari ambayo nitaiuza kwa haraka, na mwenye haraka anauza bei ya kutupa. Tumeona watu waliouza nyumba na mashine za kusaga kwa siku tatu ili wawahi ndege, na ndege haikuja.

Mke wangu, Mama Furaha, alitaka tuuze. Na milioni 3.5 angeanza biashara ya mahindi, na karo ya shule ingelipwa. Lakini siku moja alichoka na mazungumzo yangu, akaweka sufuria chini.

“Baba Furaha, unanichanganya. Ukiongea juu ya gari, tunaenda. Ukiongea juu ya masomo ya watoto, tunabaki. Niambie moja tu. Tunabaki ao tunaenda?”

Sikuwa na jibu. Nikamwambia hilo haliko mikononi mwangu.

“Nilijua haliko. Nauliza lile liko mikononi mwako.”

Ndugu zetu wa mashirika, ninyi mnatuuliza mipango yetu ya baadaye kwenye karatasi, na sisi tunajaza. Nimejaza nyingi. Hakuna iliyonibana kama swali lile la jikoni. Kwa sababu kutengeneza ilikuwa kusema kwa sauti kwamba naweza kuwa hapa mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Nilikuwa naogopa kulisema, kama kwamba kuna mtu mahali fulani anasikiliza, na akinisikia atafuta jina letu.

Tulitengeneza. Nilikuwa na 900,000. Katika likelemba yetu Mama Furaha alibadilishana zamu na jirani, tukapata 1,200,000 kabla ya wakati. Shemeji alitukopesha 800,000. Mimi na fundi tulikwenda Kampala pamoja. Usiende peke yako. Alizungusha krenki kwa mkono, akafungua kifuniko cha oili na kuingiza kidole, akanusa. Tulikataa motere mbili, tukachukua ya tatu. Kabla ya kuifunga tulibadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji palepale, kwa sababu kwenye 3S pampu inazungushwa na mkanda huohuo, na kuifikia motere ikiwa ndani ni kazi ya siku nzima. Tukaweka na rejeta mpya. Hivyo vitatu vilikula 450,000. Yote ikafika 3,170,000, na 270,000 nikabaki nadaiwa na fundi.

Logibuku sasa ina jina langu. Ilichukua safari nne.

Gari inatembea tangu mwezi wa tano. Vipimo vyetu vya afya vimeisha muda, na nikiuliza juu ya faili naambiwa nisubiri. Shemeji nimemaliza kumlipa, fundi bado ananidai 120,000 na ananikumbusha kila akiomba lifti. Mshale wa joto unasimama katikati, hauchezi. Jerikeni moja bado iko kwenye buti. Mama Furaha aliniuliza ni ya nini kama rejeta ni mpya. Nikamwambia ni ya kunawa mikono.