Nilikuwa Nambari Wani, Lakini Hakuna Aliyenifuata

Leo naomba nitoe kitu ambacho kimenikaa kifuani tangu shule. Ukimaliza kusoma unaweza kunicheka, sawa tu.

Ilikuwa mwisho wa kidato cha tatu, shule ya bweni huku kwetu Kwale. Ijumaa moja mwalimu wa Fizikia akanipa bahasha ya maswali ya marudio. "Wapitishie wenzako, mtihani ni Jumatatu." Nikasema sawa, mwalimu. Nikaenda nayo bwenini, nikaiweka chini ya godoro, nikayafanya yale maswali peke yangu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mchana. Jumapili usiku, taa zikikaribia kuzimwa, ndipo nikaitoa. "Mwalimu kachelewa kuileta, jamani."

Kwa nini? Manake jamaa niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa nyuma yangu kwa alama nne tu. Na nambari wani ilikuwa yangu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza. Jina langu likabandikwa juu kabisa kwenye ubao wa matangazo. Na kwa vile nilikuwa wa kwanza, muhula uliofuata nikafanywa kiranja mkuu. Hakuna aliyeuliza kama naweza kuongoza watu. Alama zilikuwa zimeshajibu.

Kidato cha nne, muhula wa pili, pampu ya kisima ikaharibika. Siku tatu hakuna maji. Nikafanya kile nilichokijua: nikaandika orodha. Nani achote lini, mitungi mingapi, asiyetokea adhabu yake nini. Orodha safi kabisa, nikaibandika pale pale jina langu lilipowahi kubandikwa. Saa kumi na moja alfajiri nikasimama getini na filimbi. Wakaja watu wanne. Wawili kati yao walidhani ni mazoezi ya mpira.

Yule jamaa wa dawati hakuniambia kitu. Jioni yake alipita bweni kwa bweni, akikaa kwenye vitanda vya watu, akiuliza nani ana mtungi, nani mgongo unamuuma, nani anaweza kuamka mapema awaamshe wengine. Kidato cha kwanza akawaambia wabebe ndoo ndogo, sisi wakubwa tubebe mitungi ya lita 20. Kesho yake tangi la jikoni lilijaa kabla ya chai. Mimi nilibeba mtungi wangu kwenye msururu kama kila mtu, filimbi iko mfukoni.

Hiyo siku ilinisumbua sana. Nilikuwa na cheo, yeye alikuwa na watu.

Sasa msidhani najitetea, lakini kuficha sikuzaliwa nako. Tulilelewa hivyo. Serikali ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka 2014, lakini hesabu ya nani kampita nani haikuisha, ilihamia tu sebuleni kwa wazazi. Ule mtihani wa KCPE ulioanza 1985 ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa wadogo zetu wako kwa CBC, na kati ya umilisi wa kimsingi 7 wanaotakiwa wawe nao, mmoja ni mawasiliano na ushirikiano. Kwenye karatasi, poa kabisa. Lakini mtoto akirudi nyumbani leo ataulizwa nini? "Umekuwa wa ngapi?" Sijawahi kusikia mzazi akiuliza, "Umemuelewesha nani?"

Mimi kilichonifungua macho ni tope. Serious, tope.

Baada ya shule nilikuwa nyumbani Ukunda nikisubiri chuo, na kikundi cha vijana wa mtaa kikaalikwa Gazi kupanda mikoko. Kama hujafika, Gazi ni kijiji cha pwani upande wa Msambweni, unafuata barabara ya Lungalunga halafu unakata kuingia baharini. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukapewa mbegu za mkoko, ndefu kama rula, tukasimama kwenye kamba, kila mtu na mstari wake. Na mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kuhesabu. Nilitaka nimalize kabla ya jirani.

Mama mmoja wa makamo, leso kafunga kiunoni, tope mpaka magotini, akanitazama.

"We baba, washindana na nani?"

Nikacheka. Akaja akazigusa mbegu zangu kwa kidole. Zikaanguka moja moja. Nilikuwa nimezichomeka juu juu tu.

"Maji yakijaa, zote hizi zaenda Pemba," akasema. Halafu akaita watu wawili, tukaurudia ule mstari pamoja. Hakunigombeza. Nadhani hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mradi wenyewe unaitwa Mikoko Pamoja. Ulianza 2013, na ni wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na ile hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo ndiyo wanayouza. Pesa imeingia kwenye maji na shule, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa kikao kuamua iende wapi. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Fikiria kazi hiyo inavyotaka watu: mmoja akiingia usiku na shoka, hesabu ya wote inaharibika. Huwezi kuwa nambari wani wa mikoko. Ama mko pamoja, ama hakuna mradi.

Na kuna kitu kingine. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanza mradi wao kwa mfano ule ule wa Gazi, hekta zaidi ya 400. Yaani wauzaji wengine, bidhaa ile ile. Kwa akili yangu ya kidato cha tatu, Gazi walitakiwa waifiche bahasha.

Najua kuna mtu hapa anasema, "Bana, wacha hadithi, maisha ni mashindano." Ni kweli, sikatai. Kuingia digrii lazima uwe na C+. Ufadhili haumtoshi kila mtu. Hata hiyo hewa ya ukaa inauzwa sokoni. Na mimi mwenyewe, bila yule jamaa kunifukuza kwa alama nne, pengine nisingesoma hata nusu ya nilivyosoma. Kwale ina wadi 20, kwa hivyo uchaguzi wa Agosti 2027 utatupa MCA 20 tu wa wadi. Wanaotaka kiti ni wengi kuliko hao. Lazima wengi washindwe.

Lakini ushindani unakuonyesha nani kapata kiti, basi. Haukuonyeshi atafanya nini na waliokosa. Na hapo ndipo tunajidanganya, tukidhani aliyewapita wenzake ndiye atakayewabeba. Mtu aliyezoea kuficha bahasha shuleni, mpe ofisi, ataficha fomu za basari. Haamki siku moja akiwa mwizi wa nafasi za watoto wa wenzake. Amefanya mazoezi miaka mingi, na tulikuwa tunampigia makofi.

Kwa hivyo mkitaka kutuandaa tuwe viongozi, tuacheni tushindane, sawa. Lakini kabla hamjampa mtu beji, waulizeni wenzake wa dawati. Mpeni kazi ambayo hawezi kuimaliza peke yake, muone nani anatokea alfajiri.

Sasa nimalizie ile siri. Yule jamaa alipata C kwenye KCSE. Sisemi maswali ya wikendi moja ndiyo yaliyomkosesha chuo. Lakini baada ya ile bahasha nilizoea, kila nilichokipata nilikibana, na yeye ndiye aliyekuwa karibu nami zaidi. Sitawahi kujua kingemsaidia kiasi gani, na hiyo nimeibeba.

Leo anaendesha boda hapa Ukunda, na ni mwenyekiti wa steji yao. Kila mmoja wao anaweka shilingi 50 kwa siku, na mwenzao akianguka, pesa ya hospitali haitafutwi usiku kwa simu. Wiki jana nikamfuata stejini nikamwambia kila kitu.

"Nilijua," akasema. "Ijumaa ile nilikuona ukiinua godoro."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema tungegombana, halafu? Nilingoja useme wewe."

Hakucheka. Wala hakuniambia yameisha. Abiria akaja, akawasha pikipiki, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Fizikia inamshinda. Uko na nafasi Jumamosi?"

Niko nayo. Jumamosi hii tunaanza, barazani kwetu, saa tatu asubuhi. Nimemwambia dogo asije peke yake, alete na anayemfuata kwa alama.

Na wewe, mtu wangu, chini ya godoro lako kuna nini? Kitoe kabla taa hazijazimwa.